Koti Lililokuwa Kazini

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya serikali huku kwetu analijua jambo hili, ingawa hakuna aliyewahi kufundishwa. Mtu akifika ofisini asubuhi anavua koti na kulitundika kwenye mgongo wa kiti chake. Koti likishakaa pale, basi mtu huyo yuko kazini. Anaweza kuwa kwa kinyozi, anaweza kuwa nyumbani kwake Giakanja akikagua kahawa yake, anaweza kuwa amelala fofofo mahali. Ukimuulizia utaambiwa yuko, ametoka kidogo. Ukionyesha dalili ya kutoamini, utaonyeshwa koti.

Niliingia katika kazi hiyo miaka ya sabini, nikiwa msichana wa kupiga taipu katika ofisi ya ardhi mjini Nyeri. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na misumari mizuri ya shaba ya kutundikia makoti, iliyoachwa na Wazungu. Sikuona hata siku moja mtu akiitumia. Koti likiwa nyuma ya mlango, mwananchi aliyekaa kwenye benchi la veranda halioni, na koti lisiloonekana halifanyi kazi.

Ratiba ya ofisi ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Mkuu wetu aliiandika mwenyewe kwa wino wa rangi mbili na alikuwa akiipangusa vumbi kwa leso yake. Jumanne ilikuwa siku ya wananchi, Alhamisi siku ya kwenda mashambani, na siku zilizobaki zilikuwa za mafaili. Ilipendeza macho. Wageni kutoka Nairobi walipokuja kutukagua waliisoma, wakachungulia vyumba na kuona makoti, wakanywa chai na kuondoka wameridhika. Mimi nilikuwa na ulimi mkali tangu utotoni, na nilimwambia tarishi wetu kwamba siku serikali itakapolipa makoti mshahara sisi sote tutarudi kulima. Tarishi alikuwa mzee mpole wa Tetu. Alinisihi niseme polepole.

Afisa wa mipaka ndiye aliyekaa chumba kilichoelekeana na meza yangu. Mlango wake ulikuwa wazi daima, kwa hiyo kila nilipoinua macho kutoka kwenye mashine nilimwona yeye, au koti lake. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichotufanya sisi wa mlimani tuonee haya cha kwetu, na kila mara alikuwa na punje za iliki mfukoni. Baridi ya Nyeri ilimtesa. Mwezi wa saba, ukungu uliposhuka kutoka mlimani na kukaa mjini hadi mchana, alikuwa akiingia ofisini mikono ameikunja kifuani na midomo imebadilika rangi. Koti lake alishonewa na fundi mmoja Mhindi hapa mjini. Lilikuwa la sufu nzito ya kijivu, na viwiko vilikuwa na viraka vya ngozi ya kahawia. Ukiliona mara moja hukulisahau.

Huyo ndiye mtu ambaye hakupaswa kulivua koti hata kidogo. Lakini desturi ya ofisi aliijua upesi kuliko alivyojua barabara za mji. Maafisa wengine walikuwa na makoti mawili, moja la kiti na moja la mwili. Yeye alikuwa na hilo moja tu. Basi kila adhuhuri, alipokwenda mtaa wa Majengo kuswali, na baada ya kuswali akabaki huko kunywa chai na kucheza bao na wenzake, alikwenda na shati tupu. Nilikuwa nikimtazama akivuka uwanja kwenye manyunyu, mabega juu, na nilikasirika kama vile ni ndugu yangu. Siku moja nikamwambia avae koti na aache kofia kwenye kiti.

Akacheka. Akanieleza kwamba kofia mtu anaweza kuisahau popote. Koti, katika mji wenye baridi kama huu, hakuna mwenye akili anayeliacha nyuma, na ndiyo sababu watu wanaliamini. Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo maisha yangu yote.

Sasa nimtaje yule mama. Alikuwa mjane kutoka Endarasha, mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na koti la mvua la mpira lililokuwa la mumewe. Alikuja mjini na lori la maziwa kila Jumanne. Kati ya shamba lake na la shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, kulikuwa na kipande kirefu chembamba ambacho mipaka yake haikueleweka, kwa sababu mawe ya kuonyesha mpaka yalikuwa yameng'olewa na hakuna aliyekiri kuyang'oa. Katika kipande hicho mume alikuwa amezikwa. Shemeji alisema ni chake na kwamba msimu ukifika ataingiza plau. Mama alisema plau ikipita pale itapita juu ya mume wake. Hakuna kingine alichokuwa akitaka kwa serikali: afisa aje Endarasha, asimame pale, aweke jiwe.

Shemeji naye alikuja kila Jumanne, na lori lile lile. Walikaa kwenye benchi moja, huyu upande huu na yule upande ule, bila kuangaliana. Lakini wote wawili walikuwa wakiangalia mahali pamoja, kupitia mlango ulio wazi, kwenye kiti cha afisa wa mipaka. Tarishi aliwaambia yuko, ametoka kidogo. Wakangoja hadi lori la kurudi lilipopiga honi sokoni, wakaondoka. Jumanne iliyofuata wakarudi. Yule shemeji alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti, asiyeogopa chifu wala mbwa, lakini mbele ya lile koti alivua kofia na kuiweka magotini.

Sitaki kumfanya yule afisa mtu mbaya. Alipowapata, aliwasikiliza. Ilikuwa Jumanne ya mvua ambayo hakuweza kutoka, na aliwaita ndani wote wawili pamoja. Nilisikia kila neno. Mwishowe alisimama, na Kiswahili chake kikawa kama cha hakimu.

"Kipande hicho kisiguswe na mtu yeyote," akasema. "Si kwa jembe, si kwa plau, mpaka nije mimi mwenyewe nikikanyage kwa miguu yangu."

Akawaahidi Alhamisi. Shemeji alitoka ameinamisha kichwa. Mama alitoka na kunishika mkono pale mezani, mikono yake ikiwa baridi, akaniuliza kama Alhamisi ya serikali ni ile ile ya watu wengine. Nikamwambia ndiyo. Wakati huo nilidhani hivyo.

Alhamisi gari la ofisi lilikuwa limechukuliwa na mkuu. Alhamisi ya pili halikuwa na mafuta. Ya tatu afisa alikuwa akikohoa. Kilikuwa kikohozi kilichotoka chini kabisa, na aliketi amejikunyata ndani ya koti lake, akitafuna iliki. Nilimwomba aende hospitali. Akasema ataenda akipata nafasi. Ijumaa adhuhuri mvua ikinyesha, alisimama, akalivua koti, akalinyoosha vizuri mabegani pa kiti kama alivyofanya siku zote, na akaenda msikitini na shati tupu. Hakurudi siku hiyo. Hakurudi Jumamosi. Koti lilikuwepo.

Jumatatu asubuhi tarishi alifungua vyumba, akaona koti, na saa nne alipoleta chai alimwekea kikombe chake mezani. Mkuu alipita, akachungulia, akaona koti na kikombe kinachofuka, akaendelea na safari yake. Ingawa haikuwa siku ya wananchi, benchi lilijaa watu na wote waliambiwa yuko, ametoka kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga taipu na nilifurahi kwamba amepona.

Mchana walikuja wazee wawili wa Majengo, wamevaa kanzu na makoti juu yake. Walimtaka mkuu. Walikuja kutuambia kwamba afisa alikuwa amefariki hospitalini alfajiri ya Jumapili, kifua kikiwa kimejaa maji, na kwamba walimzika siku hiyo hiyo alasiri kama dini yao inavyoagiza. Walikuwa wametuma habari kwa ndugu zake pwani. Walisikitika kwamba ofisi ilikuwa imefungwa.

Nusu siku nzima tulikuwa tumewaambia watu kwamba marehemu ametoka kidogo. Watu waligeuka polepole kutazama kile chumba. Koti lilikuwa mahali pake, mabega yamejaa, viwiko vimekunjika kidogo, na chai yake ilikuwa imeganda utando juu. Tarishi alianza kulia. Mimi sikulia, niliogopa. Niliogopa waziwazi kama mtoto, na sioni aibu kusema hivyo.

Ungedhani koti lingeondolewa siku hiyo. Tarishi hakukubali kuligusa, maana kwetu nguo ya mtu aliyekufa haishikwi hivi hivi, na mimi pia sikukubali. Wale wazee walisema ni la jamaa zake wakija. Lakini sababu kubwa ilitoka kwa mkuu. Alituita ofisini mwake, akafunga mlango, akatueleza kwamba kulikuwa na ukaguzi karibu. Wakaguzi wakikuta kiti kitupu, ile nafasi ya afisa ingepelekwa wilaya nyingine na Nyeri ingebaki bila mtu wa mipaka. Kwa hiyo kila kitu kibaki kilivyo mpaka mwingine aletwe. Na mwananchi akiulizia, tulijua la kumjibu. Nilimwambia mkuu kwamba mimi sitalisema hilo. Akaniambia kazi yangu ni kupiga taipu, kusema kuna wenyewe.

Zile wiki sizisahau. Nilikaa nikitazamana na koti kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikageuza meza yangu ielekee ukuta, na mkuu akaigeuza tena kwa sababu haifai mwananchi kuona mgongo wa karani. Saa nne ilipofika, harufu ya iliki ilitoka mle chumbani. Labda ilikuwa mfukoni muda wote na mimi niliisikia saa hiyo kwa sababu ndiyo saa niliyoizoea. Sijui. Tarishi naye aliendelea kumwekea chai. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alianza kwa kusahau, na sasa anaogopa kuacha. Kila jioni aliimwaga nje, chini ya ua, bila kugeuka nyuma.

Na watu walingoja. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko woga. Waliketi kwenye benchi na vikapu vyao, wakatazama koti, wakaridhika kwamba serikali iko. Mmoja alinipungia mkono akitoka na kuniambia nimsalimie afisa.

Jumanne moja mkuu aliniita mapema nikapige ripoti ya mwaka chumbani mwake, mlango umefungwa, na sikutoka isipokuwa saa za jioni. Veranda ilikuwa imebaki tupu. Mwishoni mwa benchi alikuwa yule mama wa Endarasha. Shemeji yake hakuwepo. Tarishi alikuwa amemwambia yuko, ametoka kidogo, na mama alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, na lori lake lilikuwa limekwisha kwenda.

Aliniamkua kwa Kiswahili, ingawa alijua vizuri kwamba nimezaliwa Giakanja na ningeelewa Kikuyu chake. Kwake yeye serikali ilikuwa na lugha yake. Akaniambia mvua za kupandia ziko karibu, na shemeji amekodi ng'ombe wa plau, na anasema serikali imesahau. Nikaketi kando yake. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na uchungu, na sikutafuta maneno mazuri.

"Mama, yule afisa alikufa," nikasema. "Alizikwa zamani."

Aligeuza uso akatazama ndani.

"Lakini koti yake iko."

"Koti liko. Mwenyewe hayuko."

Nilidhani atapiga kelele au atanilaani, na ningempa haki. Yeye alikuwa akifikiri. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa ile neno alisema, ati shamba isiguswe mpaka akuje yeye mwenyewe. Hiyo neno nayo imekufa?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli. Hakuna waraka wowote uliopita kwenye mashine yangu uliosema neno la afisa huishi kwa muda gani baada yake.

Akaniuliza kama shemeji yake anajua. Nikasema sidhani, maana marehemu alizikwa na watu wa Majengo tu na hakutangazwa. Mama akainuka. Aliingia mle chumbani taratibu, akasimama mbele ya kiti, na sasa aliongea Kikuyu, kwa adabu, kama mtu anayeomba kupishwa njia. Alimwambia afisa kwamba aliahidi Alhamisi, na Alhamisi zimepita nyingi, na kwa kuwa yeye hawezi tena kuja Endarasha, basi yeye mama amekuja kumchukua. Kisha akalinyanyua koti, akalikunja juu ya mkono wake, akatoka.

Tarishi alikuwa mlangoni na funguo. Alisogea akampisha. Mimi nilirudi mezani nikaifunika mashine yangu.

Kesho yake mkuu alikuta kiti kitupu. Alitoka akiwa mkali, akauliza koti liko wapi. Yule mzee mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mkubwa, akasema, "Ametoka nalo."

Mkuu alimtazama. Akarudi ofisini mwake. Hakukanyaga tena chumba kile hadi afisa mpya alipokuja, na ukaguzi wenyewe haukufika mwaka huo.

Sikumwona mama mpaka mvua zilipokuwa zimekolea. Alikuja siku isiyo Jumanne, na kiondo cha viazi na kabichi, na hakuketi kwenye benchi. Aliniletea mimi. Tukatoka tukasimama nyuma ya ofisi na hapo akanisimulia.

Alikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo, cha mumewe. Alikibeba hadi kile kipande, akakiweka kando ya kaburi, akakivika koti. Asubuhi ya kulima, ukungu ukiwa bado mzito, shemeji alikuja na ng'ombe na wanaume wawili wa kushika plau. Akaona kiti. Akaona koti la kijivu, viwiko vya ngozi. Akasimamisha ng'ombe. Mama alikuwa mlangoni pake akitazama. Shemeji akauliza kwa sauti afisa yuko wapi. Mama akamjibu ile sentensi aliyoisikia kwetu Jumanne baada ya Jumanne. Na yule mtu mkubwa akavua kofia, akaketi kwenye majani pembeni mwa kipande, akangoja. Alingoja siku nzima. Jioni alirudisha ng'ombe wa watu.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba jioni hiyo alipoona koti limebaki peke yake nje, alijua akiliacha usiku shemeji atajua ni danganya toto, kwa sababu hakuna afisa wa serikali anayebaki kazini giza likiingia. Basi akaliingiza ndani saa kumi na moja. Asubuhi saa mbili akalitoa. Tangu siku hiyo alishika saa za ofisi. Jumamosi lilifanya kazi nusu siku. Jumapili lilipumzika, na shemeji, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, naye hakushika jembe Jumapili. Sikukuu za taifa lilibaki ndani. Mvua ikinyesha sana alilifunika kwa lile koti la mpira la mumewe. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi tangu wakati huo na sijaona popote ratiba iliyofuatwa namna hiyo.

Nikamuuliza kama haogopi kulala na nguo ya marehemu chumbani. Akasema mwanzoni aliogopa sana. Usiku wa kwanza hakufumba macho, alihisi kama kuna mtu anayejikunyata kwenye kona. Baadaye akalihurumia. Alilitundika karibu na moto, kwa sababu alikumbuka yule mtu alivyokuwa akitetemeka.

Afisa mpya alipokuja, nilimpelekea kesi ya Endarasha mikononi. Akaahidi Alhamisi. Naye alikuwa na makoti mawili. Baada yake alikuja mwingine, na mimi nikahamishwa Karatina, kisha Nanyuki, kisha nikarudishwa Nyeri nikiwa na watoto na miwani. Shemeji alikuja mara moja kuuliza, kabla sijahamishwa. Aliambiwa afisa yuko, ametoka kidogo. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini nilipopata habari kwamba mama amefariki. Binti yake alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori la maziwa. Nikaenda mazishini. Walimzika katika kile kipande, kando ya mumewe, na shemeji alisimama upande wa pili wa kaburi akiwa ameegemea fimbo, ameshakuwa mzee. Ardhi ya pande zote mbili ilikuwa imelimwa hadi ukingoni. Kipande chenyewe kilikuwa majani marefu, na katikati ya majani kilikuwapo kiti. Si kile cha kwanza, bila shaka. Koti lilikuwa lile lile. Sufu ilikuwa imepauka na bega moja lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, lakini viwiko vya ngozi vilikuwepo. Binti alikuwa amelitoa asubuhi kwa sababu ilikuwa siku ya kazi. Mama yake alimwagiza hivyo.

Watu walipokwenda kula nilibaki pale. Sikuwa nimekutana nalo tangu siku ile lilipotoka ofisini mkononi mwa mama. Shemeji akaja polepole, akasimama kando yangu. Hakunitazama. Akaniuliza kwa Kiswahili kama mimi si yule msichana wa ofisi, wa mashine. Nikakubali.

Tukatazama koti pamoja. Alisema mjini kuna watu waliomwambia zamani kwamba yule afisa alikufa. Alisema na yeye aliamini. Lakini kila saa mbili aliliona limetoka, na kila jioni liliingia, na yeye ni mtu wa kanisa lakini kuna asubuhi za ukungu alipoona kiti kimekaliwa. Sasa wanawe wanataka kulima kile kipande. Wanasema mwenye kukilinda ameshazikwa. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo.

"Wewe ulikuwa huko ofisi," akasema. "Niambie ukweli mimi nipumzike. Yule mtu yuko ama hayuko?"

Nilitazama udongo mpya wa kaburi, na ule wa zamani uliokwisha kuota majani. Sentensi ile niliichukia miaka yote ya kazi. Nilikataa kuisema mbele ya mkuu, nikiwa msichana mdogo anayeweza kufukuzwa.

"Yuko," nikasema. "Ametoka kidogo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akavua kofia, akajishusha kwa shida hadi majanini, akaiweka kofia magotini, akangoja. Ukungu ulianza kushuka kutoka upande wa Nyandarua na watu nyumbani walikuwa wakiita chai. Saa kumi na moja ilipofika nilikwenda kwenye kiti, nikalinyanyua koti kwa mikono yangu, zito na lenye unyevu, na nikaliingiza ndani karibu na moto.